Mzee Ludovic na Mkanda Uliopita Mara Tatu

Wachungaji, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani mliofika leo Ijumaa tarehe 5 Aprili 2013 katika kanisa hili la Hagsätra, wengine kwa treni kutoka Tumba na Skärholmen, wengine kwa ndege kutoka Brussels, familia inawashukuru kwa kuacha kazi zenu mje kutusindikiza, na inawaomba masikio yenu tusome maisha ya mpendwa wetu, mtu ambaye kama angekuwa ameketi hapa mbele angekuwa ameshauliza kipaza sauti hiki kinapiga mluzi kwa sababu gani, na angetaka kukifungua akione ndani.

Marehemu Ludovic Mugaruka alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1941 huko Kabare, juu ya mji wa Bukavu, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Kasiani Mugaruka, mkulima, na Mama Vénantie, mfinyanzi wa vyungu, wote wawili wametangulia mbele za haki. Udadisi alizaliwa nao. Alipokuwa na miaka sita aliyatoa mayai chini ya kuku anayelalia, akayainua moja moja mbele ya mshumaa ili amwone kifaranga, kuku akayasusa yote, na bakora alizokula siku ile alizikumbuka maisha yake yote, ila mpaka uzeeni alishikilia kwamba kifaranga alimwona, na kwamba moyo wake ulikuwa unacheza.

Alisoma shule ya msingi ya misheni Kabare kuanzia mwaka 1948 hadi 1954, kisha akaendelea na masomo ya sekondari mjini Bukavu, na huko, mwezi Februari 1958, ndipo alipokutana na kitu kilichomshika mpaka kufa kwake. Mwalimu wake wa fizikia, Mbelgiji mmoja mrefu aliyependa kula ndizi za kuchoma na wanafunzi, alianzisha kilabu cha kutengeneza sinema, vijana kumi na wawili, kamera moja ya kuzungusha ufunguo kama saa ya mezani, na mikanda michache sana, kiasi kwamba kila kijana alipata dakika nne za kupiga kwa mwaka mzima. Kwa hiyo walichora kwanza. Kila Jumamosi walikaa chini na makaratasi, wakachora picha moja baada ya nyingine, wakabishana kama mtu anayeingia mlangoni apigwe kutoka nje au kutoka ndani, na kamera yenyewe waliishika kwa zamu kama mtoto mchanga wa jirani.

Mwalimu yule aliwaonya jambo moja mpaka wakalikariri, nasi tunaomba mlishike, maana maisha ya marehemu yaligeukia hapo. Mkanda wa kamera ile ulikuwa na upana wa picha mbili, ulipita ndani ya kamera mara ya kwanza ukapokea picha upande mmoja, kisha ukageuzwa ukapita mara ya pili ukapokea upande wa pili, na hapo umekwisha, unauweka ndani ya kikebe chake na kuupeleka Ulaya kusafishwa. Ukijisahau ukaupitisha mara ya tatu, picha mpya zitapanda juu ya zile za kwanza, utaletewa watu wawili wamo ndani ya mwili mmoja, na hakuna fundi duniani wa kuwatenganisha.

Mwalimu alipoondoka mwaka 1960 aliwaachia kamera, wakaipigia kura, ikamwangukia Ludovic. Alimaliza sekondari mwaka 1961, akafanya kazi kwenye studio ya picha ya Mgiriki mmoja kuanzia mwaka 1963, na mwaka 1974 akafungua studio yake mwenyewe huko Kadutu, akawapiga picha za vitambulisho watu wasiohesabika, akiwauliza kila mmoja anatoka wapi na anakwenda wapi, hata foleni ikalalamika.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Mama Josiane, ambaye tunaye hapa, na Mungu akawajalia watoto wanne, Fidèle mwaka 1971, Ghislaine mwaka 1973, Aurore aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1976, na Heshima mwaka 1982. Aurore hakukaa. Surua ilimchukua Jumapili tarehe 9 Machi 1980, akiwa na miaka mitatu na miezi tisa, mtoto aliyekimbia badala ya kutembea, kama wanavyomkumbuka wakubwa zake.

Sikukuu ya Noeli iliyotangulia, baba yake alimpiga sinema uani, upande wa kwanza wa mkanda, na mwezi Februari akaumalizia upande wa pili kwenye harusi ya mdogo wake, akauweka kabatini akingojea mtu anayesafiri kwenda Ulaya. Kisha msiba. Wiki saba baada ya mazishi, tarehe 27 Aprili 1980, parokia ilifanya jubilei, naye alikuwa ameahidi kuipiga, akatia mkono kabatini, akachukua mkanda, akaupachika ndani ya kamera na kwenda, na wanaojua siku zile za matanga wanajua kwamba mtu hutembea lakini hayupo. Jioni aliporudi alifungua kabati na kukuta pakiti ya mkanda mpya, ule aliodhani ameutumia, bado imefungwa kwa gundi ya kiwandani.

Alikaa chini. Alichoshika mkononi kilikuwa mkanda wa Aurore, umepita mara tatu.

Hakumwambia mtu. Mama Josiane alipouliza, alimjibu kwamba mkanda ulitumwa na umepotelea posta, na kwa kuwa posta ya wakati ule ilikuwa na dhambi zake za kutosha, hakuna aliyeshangaa. Picha za karatasi za Aurore zilikuwepo nyumbani, moja ukutani, nyingine ndani ya Biblia, basi uongo ule ulilala bila kumsumbua mtu. Ila mwezi Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu, familia ikakimbia na nguo za mwilini, nyumba ikaporwa, studio ikachomwa, na kila karatasi yenye sura ya yule mtoto ikaenda na moto. Walipokuwa njiani kuelekea kusini Mama Josiane alisema kitu kimoja tu kuhusu mali yote waliyoiacha, kwamba laiti posta ingalirudisha ile filamu. Marehemu alikuwa anatembea hatua mbili nyuma yake, na kopo la maziwa ya unga kwapani, mkanda umo ndani umeviringwa kitambaa cheusi.

Kwenye kizuizi kimoja askari alitaka kopo lifunguliwe, na mkanda usiosafishwa ukiingiwa na mwanga picha zote hufutika, basi mzee wetu, mtu wa heshima zake, alimwambia kwamba hicho ni choo cha mgonjwa wa kipindupindu kinachopelekwa kupimwa. Kopo lilirudishwa kwa ncha za vidole. Familia yenyewe iliambiwa ni dawa ya kusafishia lenzi, na dawa hiyo ikavuka ziwa, ikakaa miaka minne katika kambi ya Lugufu, Tanzania, na tarehe 22 Mei 2001 ikatua Stockholm pamoja na wenye nayo, kwenye jengo la ghorofa tatu hapa Hagsätra, kituo cha mwisho cha treni.

Marehemu alifanya kazi ya usafi katika shule kuanzia mwaka 2002 hadi alipostaafu mwaka 2006, na ilikuwa Jumamosi moja ya Novemba 2003, akirudi na mfuko wa viazi, aliposikia mlio kutoka dirisha la chini ya ardhi, mlio ambao hakuwa ameusikia kwa miaka saba, projekta inayotembea. Aliuweka mfuko chini, akapiga magoti kwenye theluji na kuchungulia, na Mama Josiane alipomtafuta baada ya saa tatu alikuta viazi vimeganda nje, mumewe yumo ndani anakunywa kahawa na wazee watano wa Kiswidi.

Kilikuwa kilabu cha sinema za mkono, zile ambazo watu wa kawaida hujipigia wenyewe, kilichoanzishwa mjini mwaka 1938 na wafanyakazi wa karakana, kikahamia Hagsätra mwaka 1961, nacho kilikuwa kinakufa polepole pamoja na wanachama wake. Mwenyekiti ni Mzee Torvald, fundi saa mstaafu, ambaye leo yupo nyuma humu kanisani na atatumika baadaye. Kabatini mlikuwa na mikanda zaidi ya mia nne, na marehemu aliomba ruhusa ya kuitazama yote, akaitazama kwa miaka miwili, akiandika katika madaftari kila alichokiona, watoto wakiteleza na sleji kwenye theluji, mkate unavyoumuka, farasi wa mwisho wa muuza makaa, na kila baada ya dakika chache mke wa mtu, kando ya ziwa, akipunga mkono. Hilo lilimtatiza. Alihesabu wake mia moja na sitini wanaopunga mkono, akamuuliza Mzee Torvald kama ilikuwa sheria ya nchi, naye akamjibu kwamba hapana, ni kwa sababu zamani mtu akielekezewa kamera hakujua afanye nini na mikono, na mume aliyeshika kamera hakujua amwambie nini mkewe. Marehemu alicheka wiki nzima, akaja kuwaeleza watu kanisani, nao wakacheka, kisha wakaanza kumuuliza kilabu kinafunguliwa saa ngapi.

Ndivyo kilabu kilivyofufuka. Alikuja Dada Wangari, mhudumu wa wazee kutoka Tumba, akaja ndugu Évode, dereva wa basi wa Skärholmen, na wengine, mpaka kahawa ikawa haitoshi. Kila Jumamosi ya pili, saa nane mchana, walikaa kukata mikanda kwa wembe na kuiunga kwa gundi, wakitupiana Kiswidi, Kiswahili cha Nairobi, cha Bujumbura na cha Bukavu, na Kifaransa cha kugombana. Mara moja kwa mwaka walichota mada kwenye kofia, kila mtu akatengeneza sinema ya dakika tatu, na mwaka 2006 mada ikiwa kusubiri, marehemu alipata nafasi ya pili kwa sinema ya mlango wa treni pale kituo cha mwisho, unafunguka, hakuna anayepanda, unafungwa. Nafasi ya kwanza alipewa Évode, na marehemu aliuliza sababu kwa miezi mitano.

Kilabu kina desturi mbili. Ya kwanza, anayeonyesha sinema husimama kwanza na kutaja kosa alilolifanya, kwa sauti, taa zikiwaka, na akishalitaja hakuna ruhusa ya kumcheka tena, desturi waliyoiweka wale mafundi wa mwaka 1938 kwa sababu karakana inayoficha makosa hukata watu vidole. Ya pili aliileta marehemu mwenyewe, hakuna anayezima taa isipokuwa yeye, na hata Mzee Torvald akisogea kwenye swichi aliambiwa, "Acha, mzee mwenzangu, giza ni langu."

Mwezi Septemba 2010 ilifika habari kwamba maabara ya mwisho duniani inayoweza kusafisha mikanda ya rangi ya aina ile, huko Marekani, itafunga kazi hiyo tarehe 30 Desemba, na baada ya hapo mkanda wowote usiosafishwa hautasafishwa tena. Mzee Torvald aliweka sanduku mezani, kila mwenye mkanda wake alete, litatumwa Jumamosi tarehe 27 Novemba. Mikutano mitatu mfululizo marehemu alikuja na kopo la maziwa ya unga, akaliweka karibu na sanduku, akanywa kahawa yake, akaliinua, akarudi nalo nyumbani. Mtu aliyefungua redio za watu bila kuombwa alikuwa na kitu kimoja duniani asichotaka kukiona ndani.

Kilichomsukuma si ujasiri. Wiki ya mwisho, Mama Josiane alirudi kutoka kwa mama mmoja wa Skärholmen aliyemwonyesha picha ya mwanawe marehemu ndani ya pochi, akakaa jikoni na koti lake mwilini, akasema kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, "Baba Fidèle, sura ya mtoto inanitoroka. Gauni nakumbuka, la njano. Sauti nakumbuka. Sura, nikifunga macho, njo inakuja ya Ghislaine." Jumamosi ile alitoka mapema kuliko siku zote, akautia mkanda sandukuni kwa mkono wake, na Dada Wangari aliyekuwa anafunga kamba anasema mkono ule ulichelewa sana kutoka ndani ya sanduku.

Mkanda ulirudi mwishoni mwa Januari, na Jumamosi tarehe 5 Februari 2011 alimwambia mkewe aje kilabuni, kuna filamu ya kwetu. Walikuwepo watu kumi na watatu. Marehemu alisimama mbele ya kitambaa cheupe, taa zikiwaka, akasema kwa Kiswahili, huku Dada Wangari akiwatafsiria wazee kwa sauti ya chini, kwamba makosa yake ni mawili, la kwanza aliupitisha mkanda wa mtoto mara ya tatu kwa sababu ya msiba, na la pili, kwamba posta haikupoteza kitu, alimdanganya mke wake miaka thelathini, na miaka kumi na minne ya hiyo mke hakuwa na picha nyingine. Hajui kilichomo ndani, alisema. Huenda amemfuta.

Mama Josiane aliinuka, akachukua koti lake na kwenda mlangoni, hakuna aliyethubutu kumzuia. Marehemu alizima taa.

Kwanza ulikuja ukungu wa zambarau, maana mkanda ulikuwa umezeeka, kisha ua wa Kadutu, kuku, kamba ya nguo, na gauni la njano linakimbia. Juu yake, kama maji yanavyopita juu ya mawe, ilipita jubilei ya parokia, mabango, wanakwaya, akina mama kwa mistari. Mtoto alikimbia katikati yao na hakuna aliyemkanyaga. Halafu kutoka upande wa kulia akaja Mama Josiane wa mwaka 1980, kitambaa cha matanga kichwani, akamwona mumewe na kamera, akainua mkono kumkataza asimpige, na papo hapo, chini ya kiganja kile, Aurore alisimama, akainua uso, akacheka. Mkono ulikaa juu ya kichwa chake muda wa kuhesabu mpaka nne. Kisha akakimbia.

Kutoka mlangoni, gizani, ilisikika sauti, "Rudisha."

Walirudisha mara tisa, mpaka Mzee Torvald akahofia taa ya projekta itaungua, na mara ya tisa Mama Josiane alikuwa ameshafika mbele kabisa, koti bado mkononi, akasema kwa sauti ambayo waliokuwepo hawataisahau, "Siku ile yote mimi nilikuwa natembea naye, na hakuna mtu aliniambia."

Tusidanganyane mbele ya jeneza, msamaha haukuja siku ile. Walirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara, na kwa siku nne marehemu alikula chakula kisicho na chumvi wala neno. Siku ya tano mama aliuliza kama ile mashine inaweza kuletwa nyumbani. Ililetwa, ikawekwa juu ya friji, na kila Jumapili baada ya ibada walikaa wawili wakautazama, yeye anaendesha, mama anahesabu mpaka nne.

Mwezi Oktoba 2011 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa katika hospitali ya Huddinge, na daktari alipomwonyesha kwenye skrini moyo wake mwenyewe ukicheza, hakuuliza atapona au hatapona, aliuliza mashine inachukua picha ngapi kwa sekunde, akasema kwamba kitu hicho alishawahi kukiona zamani ndani ya yai. Hali ilibadilika mwishoni mwa Februari mwaka huu, na Alhamisi tarehe 7 Machi 2013, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, alipumzika, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, Mama Josiane amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanane, ambao aliwauliza maswali kwa Kiswahili wakamjibu kwa Kiswidi, na hakuna upande uliokata tamaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kuvumilia maswali yake, majirani wa ngazi yetu waliotuletea vyakula mpaka tukakosa pa kuviweka, wafanyakazi wenzake wa shule, wachungaji na kwaya, ndugu Évode aliyebadilishana zamu mara saba kumpeleka kliniki, Dada Wangari, na kilabu kizima. Hatuwezi kumtaja kila mtu, Mungu anawajua.

Mama Josiane ameomba jambo moja, kwamba kabla hatujaenda makaburini, kanisa zima limwone Aurore, na Mzee Torvald yuko tayari nyuma na projekta yake. Lakini anayeonyesha hutaja kosa kwanza. La baba alilitaja mwenyewe. La kwetu sisi watoto ni hili, kwamba tulipotafuta mkanda wenye sura yake tuwaonyeshe leo, katika mikanda mia moja na kumi na miwili aliyoiacha hatukukuta hata sekunde moja ya yeye akitembea, kwa kuwa miaka yote tulisimama mbele yake tukipunga mkono kama wale wake wa kando ya ziwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, Baba, lete kamera, sasa simama wewe.

Mzee wetu, swichi ile hakuna aliyeigusa ukiwepo. Tuwie radhi, leo taa tunazima sisi, wewe pumzika kwa amani.